Mwenzi wa Farasi

Binadamu amemsifu farasi kwa mengi. Washairi wamezisifu mbio zake, wafalme wamejivunia mgongo wake, na wachongaji wamemtia katika mawe na shaba pamoja na majemadari waliompanda. Lakini mtazame vizuri katika sanamu hizo, msomaji wangu, na utaona ya kuwa aghalabu yu peke yake. Juu yake yuko mtu. Ubavuni pake hapana mnyama wa jinsi yake. Mchongaji alimpa nguvu, akampa fahari, akasahau kumpa mwenzi. Sisi tunaomfuga tuna usahaulifu uo huo. Tunampa nyasi, maji, chumvi, chanjo na banda lisilovuja, kisha tunafunga mlango tukiamini ya kuwa hakukosa kitu. Insha hii ni juu ya kitu anachokosa.

Farasi aliumbwa kuishi kundini. Nyikani yeye si mwindaji bali ni mawindo, na silaha yake ya kwanza si teke wala jino, bali ni kujua mapema adui yuko wapi. Macho yake yamewekwa kando ya kichwa apate kuona karibu pande zote kwa mara moja. Masikio yake hugeuka huku na huku, kila moja kwa njia yake. Walakini, hata mlinzi hodari hawezi kukesha daima, na hapo ndipo anapowahitaji wenziwe. Farasi huweza kusinzia akiwa amesimama, kwa maana mifupa na kano za miguu yake hujifunga zikamshikilia asianguke. Lakini upo usingizi mzito ambao hawezi kuupata sawasawa mpaka ajilaze chini na kuulegeza mwili wote. Usingizi huo ni mfupi, pengine nusu saa au saa moja tu katika usiku na mchana, lakini hauna badala yake. Farasi mwenye hofu hajilazi. Kundini, wengine wakilala, aghalabu mmoja husimama. Kwa hiyo mwenzi si pambo la maisha ya farasi. Ni mlinzi wa usingizi wake.

Kazi ya pili ya mwenzi ni ya upole zaidi. Farasi wawili waliozoeana husimama ubavu kwa ubavu, kichwa cha huyu kikielekea mkia wa yule, na mkia wa kila mmoja ukimfukuzia mwenziwe nzi usoni. Mara nyingine hukunana kwa meno mahali pale shingo inapokutana na mgongo, mahali ambapo farasi hawezi kujifikia mwenyewe. Mwaka 1993 watafiti wawili, Claudia Feh na Jeanne de Mazières, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao: farasi akikunwa mahali hapo, mapigo ya moyo wake hupungua, akikunwa mahali pengine ambapo farasi hawana desturi ya kukunana, hayapungui. Basi jambo tunaloliona malishoni na kulidhani mchezo ni faraja ya moyo kwa maana halisi ya maneno hayo.

Mnyanyang'anye farasi mambo hayo mawili, na utaona mwili wake ukitafuta kitu cha kufanya badala yake. Mwingine husimama mlangoni mwa banda akiyumba kushoto na kulia saa nzima, kama mlevi asiye na pombe. Mwingine huuma ubao na kuvuta pumzi kwa nguvu, hata meno yakalika. Mwingine huzunguka banda lake mpaka akachimba njia katika sakafu ya udongo. Zamani watu waliziita tabia hizo ukorofi, wakatia vyuma mlangoni na mikanda shingoni ili kuzikomesha. Leo wataalamu wanazihesabu kuwa ni dalili za dhiki, ijapokuwa upweke si sababu yake pekee. Mwaka 2002 watafiti wa Uingereza walieleza jinsi walivyoweka vioo katika mabanda ya farasi wenye desturi ya kuyumba, na jinsi kuyumba kulivyopungua sana. Habari hiyo huchekesha kwa upande mmoja na kuhuzunisha kwa upande wa pili. Ikiwa sura isiyo na pumzi wala harufu yaweza kumpa farasi faraja kiasi hicho, mwenzi aliye hai atampa kiasi gani? Kwa sababu kama hizo sheria ya Uswisi ya mwaka 2008 juu ya hifadhi ya wanyama iliagiza ya kuwa farasi lazima aweze kumwona, kumsikia na kumnusa farasi mwingine.

Watunzaji hodari walijua jambo hili kabla ya sheria na kabla ya vioo. Mfano mashuhuri ni wa Seabiscuit, farasi wa mbio wa Marekani. Tajiri Charles Howard alimnunua mwaka 1936 kwa dola 8,000, akamkabidhi kwa mkufunzi mmoja mkimya, Tom Smith. Farasi huyo alifika amekonda, ana hasira, hali chakula chake, na anazungukazunguka bandani bila kupumzika. Smith hakumpiga. Alimtafutia mwenzi. Kwanza alimletea mbuzi, naye Seabiscuit akamkamata mbuzi kwa meno, akamtikisa, akamtupa nje ya mlango. Smith akatafakari upya. Kisha alimleta Pumpkin, farasi wa rangi ya manjano aliyewahi kufanya kazi ya kuchunga ng'ombe, mtulivu asiyeshtushwa na jambo. Ukuta uliokuwa kati yao ukaondolewa, na wawili hao wakawa wenzi. Baadaye mbwa mmoja mdogo na kima mmoja walijiunga nao wakalala banda moja. Tarehe 1 Novemba 1938, katika uwanja wa Pimlico, Seabiscuit alimshinda War Admiral, bingwa aliyedhaniwa hashindiki. Sisemi ya kuwa Pumpkin ndiye aliyeshinda mbio zile. Nasema farasi asiyelala wala kula hawezi kushinda mbio, na Pumpkin alimrudishia Seabiscuit usingizi na chakula.

Mimi nilijifunza habari hizi kwa haja, si kwa udadisi. Jirani yangu mmoja katika nyanda za juu karibu na Nakuru alipohama aliniachia farasi wawili wazee waliostaafu kazi, jike mwekundu na maksai wa kijivu. Walikuwa wamekaa pamoja miaka mingi. Masika moja maksai alishikwa na msokoto wa tumbo, na daktari wa mifugo alipofika hakuwa na la kufanya ila kumpunguzia maumivu. Siku tatu yule jike alizunguka ukingoni mwa seng'enge akiita. Siku ya nne aliacha kuita, na kimya chake kiliniogofya kuliko makelele. Alikuwa akila nikiwa nimesimama naye. Nikiondoka huinua kichwa na kuyaacha majani. Wiki zikapita sikumwona amejilaza hata mara moja. Asubuhi moja nilimkuta na michubuko mbele ya miguu, juu kidogo ya kwato. Nilidhani ameruka seng'enge. Daktari aliitazama michubuko, akasema, "Hakuruka, Mwalimu. Usingizi ulimwangusha. Husinzia akiwa amesimama, akazidiwa, akaanguka kwa magoti. Mtafutie mwenzi kabla hajavunjika."

Hivyo nilianza kutafuta. Farasi mwingine mkubwa hakuwezekana, kwa maana mshahara wa mwalimu hauwezi kulisha vinywa viwili vya namna hiyo. Mbuzi nilimfikiria, kwa kuwa farasi wengine humpenda. Lakini mbuzi hasemi kwa masikio na mkia kama farasi, na habari ya Seabiscuit ilinionya. Nikamtamani poni. Poni ni farasi kamili kwa lugha na tabia, ila kimo chake ni kidogo: kwa kipimo cha Ulaya, asiyezidi sentimita 148 mabegani. Wadogo miongoni mwao, wale wa visiwa vya Shetland kaskazini mwa Uskoti, hawapiti sentimita 107. Ulaji wao ni mdogo, na udogo wa ulaji wao ni faida kwa mfugaji lakini ni hatari kwa wenyewe. Mababu zao walizoea majani haba ya visiwa vyenye upepo. Watie katika malisho mazuri nao hunenepa hata kwato zikavimba kwa ndani, ugonjwa wenye maumivu makali uwezao kuwalemaza.

Poni wa kuuzwa si wengi nchini kwetu. Nilimpata mmoja katika shamba la mbali, mweusi, mpole, mwenye macho ya mtoto. Mwenyewe akataja bei, na tulipokuwa tukizungumza niliona kichwa cha farasi mzee kikituchungulia kutoka banda la pili. Niliuliza, "Yule naye atabaki na nani?" Mwenyewe akacheka, akasema yule atazoea. Nilirudi nyumbani bila poni. Njiani sikufikiria bei. Nilifikiria yule aliyekuwa akichungulia. Nilikuwa nimetoka kuona kwa macho yangu maana ya neno "kuzoea," nami sikuona haki kuufukuza upweke katika boma langu kwa kuupeleka katika boma la mwingine.

Basi nikageukia punda. Lugha yetu haikumtendea punda haki. Tunasema, "Shukrani ya punda ni mateke," tukamfanya kielelezo cha utovu wa fadhila. Tunasema, "Punda afe, mzigo ufike," tukajihukumu wenyewe bila kujua. Hata hivyo ni nani aliyebeba maji, kuni, mawe na mahindi ya nchi hii kabla ya lori na pikipiki? Katika mji wa Lamu, ambao vichochoro vyake havipitishi motokaa, punda bado ndiye mchukuzi, na tangu mwaka 1987 shirika la Donkey Sanctuary la Uingereza limekuwa na mahali pa kuwatibu huko. Punda ni ndugu wa farasi kwa ukoo: mlo wake ni majani, ishara za mwili wake hufanana na za farasi, na tena hashtuki upesi. Farasi akiona kitu kigeni hukimbia kwanza, akafikiri baadaye. Punda husimama, akatazama, akafikiri. Watu huuita utulivu huo ukaidi. Kwa farasi mwenye hofu ni baraka.

Mzee mmoja wa kijiji cha jirani alikuwa na punda wawili waliokuwa wakimchotea maji. Mabomba yalikuwa yamefika kijijini, na magoti yake yalikuwa yamechoka. Nilikwenda kwake nikamweleza haja yangu, nikamwambia, "Mzee, nataka mmoja."

Alinikaribisha kiti, akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mwalimu, sikuwanunua pamoja hawa, lakini siwezi kuwauza mbalimbali. Mwaka jana nilimpeleka mmoja kwa mkwe wangu siku nne. Huyu aliyebaki alilia mpaka majirani wakaja kuuliza kama nimefiwa. Ukimchukua mmoja, utamfariji farasi wako mmoja na kuwatia msiba punda wawili. Hesabu hiyo wewe unaifundisha wapi?"

Nikamjibu ya kuwa sina nia ya kuwatesa, ila uwezo wangu ni mdogo.

"Bei nitaipunguza," akasema. "Wamekuja watu wa pikipiki wakitaka kuwanunua, hawakuuliza umri wala majina. Mtu asiyeuliza jina la mnyama najua anataka ngozi yake. Mimi nimekula jasho la hawa miaka kumi na moja. Sitawala wao."

Maneno ya mzee yule hayakuwa ya hofu ya bure. Kuanzia mwaka 2016 machinjio ya punda yalifunguliwa nchini, na ngozi zikapelekwa China kutengenezwa dawa. Wezi wakaanza kuvamia mazizi usiku. Sensa ya mwaka 2009 ilikuwa imehesabu punda wapatao milioni 1.8, ile ya mwaka 2019 ilihesabu milioni 1.2 hivi. Mwezi Februari 2020 serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo kwa biashara, mwezi Mei 2021 Mahakama Kuu ikaitengua marufuku hiyo, na mwezi Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuizuia biashara ya ngozi za punda barani kwa miaka 15. Mambo hayo makubwa yalikuwa yamefika mpaka kwenye zizi la mzee mmoja mwenye punda wawili. Niliwanunua wote wawili, nami nikamwuliza majina yao mbele yake.

Kumleta mwenzi si kufungua lango na kumsukuma ndani. Punda huweza kuwa na minyoo ya mapafu bila kukohoa hata mara moja, akamwambukiza farasi, na farasi ndiye atakayekohoa. Kwa hiyo daktari aliwapa dawa, nao wakakaa wiki tatu katika malisho ya mbali. Kisha waliletwa upande wa pili wa ua, waonekane na kunuswa lakini wasiguswe kwa mateke. Punda wa kwanza alipolia, farasi wangu, ambaye hakuwahi kusikia sauti ile karibu, alikimbia mpaka mwisho wa shamba akasimama akitetemeka. Punda hawakumjali. Waliendelea kula. Siku ya pili alikimbia nusu ya njia. Siku ya tano aligeuza masikio tu. Mwisho wa wiki nilimkuta amesimama uani, pua yake juu ya ubao, na pua ya punda mmoja chini yake. Nao walikuwa wakivutiana pumzi kama watu wanaosalimiana kwa kirefu. Ndipo nilipolifungua lango, katika uwanja mpana usio na pembe ya kumbana yeyote, na majani katika mafungu manne kwa wanyama watatu, ili asiwepo wa kupigania fungu.

Sitaki kupamba habari kupita kiasi. Punda wawili walibaki wapenzi wa kila mmoja, na farasi akawa wa tatu. Hakupata tena kile alichokuwa nacho kwa maksai wa kijivu. Huenda hakuna apataye jambo la namna hiyo mara mbili. Lakini alikula bila mimi kusimama naye. Michubuko ya miguu ilipona, isirudi. Na alfajiri moja, kiasi cha siku arobaini baada ya lango kufunguliwa, nilitoka na taa nikamwona amejilaza ubavu mzima juu ya nyasi, miguu imenyooka, na mdomo umelegea. Punda mmoja alikuwa amelala karibu naye. Wa pili alikuwa amesimama, masikio yakielekea kwangu. Nilizima taa, nikarudi ndani kwa kunyata, kwa maana zamu ile ilikuwa na mwenyewe.

Gharama ya wanyama hao ni ndogo, lakini si bure. Punda hawahitaji majani mazito. Farasi mzee anayahitaji. Kwa hiyo kila jioni hutengwa kwa saa moja, farasi akala shibe yake, na punda wakapewa mabua makavu, wasije wakanenepa kwa kuugua. Kwato zao hukatwa kila baada ya wiki chache. Mtu akiniuliza punda hao wananifanyia kazi gani, humjibu ya kuwa wanafanya kazi ya kuwapo. Wengine hucheka. Lakini ni watu wangapi tunaowaheshimu kwa kazi iyo hiyo: bibi aketiye na mgonjwa bila kusema neno, mwanafunzi asogezaye kiti chake karibu na mgeni wa darasa, mtu asindikizaye mwenziwe mpaka njia panda? Hawakubeba mzigo wowote uonekanao. Walikuwapo tu, na mwingine akaweza kula na kulala.

Jifya moja haliinjiki chungu, walisema wazee wetu, nao walijua ya kuwa hata mawili hayatoshi. Nimeiona hekima ya hesabu hiyo katika boma langu. Farasi wangu ni mzee, na siku yake itafika. Kama ningalikuwa na punda mmoja, msiba wa farasi ungalikuwa mwanzo wa upweke mwingine, nami ningalianza kutafuta tena, nikizunguka kutoka shamba hadi shamba kuponya jeraha kwa kulihamisha. Sasa atakapoondoka, hatabaki mnyama peke yake.

Kwa hiyo, vijana mnaosoma kurasa hizi, ikiwa siku moja mtafuga farasi, au mnyama yeyote aliyeumbwa kuishi na wenziwe, msimhesabie chakula na paa tu. Mtafutieni mwenzi kama mnavyomtafutia maji. Msimchague kwa uzuri wala kwa jina la ukoo wake, bali kwa tabia na afya. Na mnapomkuta anayefaa, msiulize tu atamfaa nani. Ulizeni pia anamwacha nani nyuma.